Irumu: mbegu za wakimbizi zina majina, ila hakuna anayeziandika

Kila mara mashirika ya kiutu yanapogawa mbegu kwa familia zilizohama makwao katika teritware ya Irumu, iwe ni pembeni ya Bunia, Komanda au Gety, kuna jambo dogo linalotokea na ambalo haliingii kwenye ripoti yoyote. Mama anapokea mfuko wake, anaufungua, anamwaga punje chache mkononi, anaziangalia, kisha anauliza: hii inaitwa nani? Anayegawa anasoma karatasi na kumjibu kwa herufi na namba. Mama anafunga mfuko. Akifika kwenye kibanda chake, majirani wanamuuliza swali lile lile, naye hana la kuwajibu zaidi ya kusema ni maharagi ya msaada.

Swali la mama huyo si la udadisi. Kwa mkulima wa Irumu jina la mbegu ndiyo maelezo yake yote. Linamwambia inakaa miezi mingapi shambani, inaiva haraka juu ya moto au inamaliza kuni, inavumilia udongo wa mlimani au inataka bonde, na soko la Bunia linaipenda au linaikataa. Mkulima asiyejua jina analazimika kuanza upya kujifunza yote hayo kwa msimu mzima, na akikosea, njaa ni ya watoto wake.

Kinachosikitisha ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa na mbegu zenye majina kabla ya kukimbia. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021, watu waliposhambuliwa huko Boga na Tchabi, hakuna aliyepata nafasi ya kukata miti ya muhogo na kuifunga mgongoni. Waliotoka katika vijiji vya Walendu Bindi wakati wa miaka ya FRPI nao walitoka mikono mitupu. Na muhogo si kama mahindi. Mti wa muhogo ukishakatwa unakaa wiki chache tu kivulini, kisha unakauka na haufai tena kupandwa. Shamba likibaki bila mwenyewe miaka miwili au mitatu, majani yanalifunika, nguruwe wa porini wanamaliza kilichobaki, na aina ambayo babu aliileta kutoka ng'ambo ya Semuliki inakwisha bila mtu yeyote kuandika kwamba iliwahi kuwepo.

Hoja ya makala hii ni kwamba majina hayo yanapaswa kuandikwa sasa, hapa Irumu, kwa lugha za hapa, wakati wazee wanaoyakumbuka bado wako hai kambini. Na kuna mahali pa kujifunza namna ya kufanya kazi hiyo, hata kama ni mahali ambapo wengi hawangefikiria.

Mahali penyewe ni kwenye maua. Kuna jamii ya miti ya maua inayoitwa rododendroni, na azalea ni sehemu ya jamii hiyo hiyo. Asili yake ni Asia zaidi, kwenye milima ya Himalaya na China, na mingine Ulaya na Amerika. Katika Afrika hakuna hata mmoja unaoota wenyewe. Ndugu zake wa karibu tunaoweza kuwaona ni ile miti mirefu yenye majani kama sindano inayofunikwa na ndevu za ukungu juu ya Ruwenzori. Wapenda bustani wa Uingereza, Marekani, Ujerumani na Japani wamekuwa wakiichanganya miti hiyo kwa zaidi ya miaka 150, ua hili na ua lile, mpaka zikatokea aina mpya kwa maelfu. Ikawa vurugu. Mtu mmoja anaita ua lake jina fulani, mwingine nchi ya mbali anatumia jina lile lile kwa ua tofauti, na mnunuzi anadanganyika.

Ndipo wakakubaliana. Tangu miaka ya 1950, kazi ya kuandika majina yote ya rododendroni duniani ilikabidhiwa shirika moja la Uingereza, Royal Horticultural Society. Daftari la kwanza lilichapishwa mwaka 1958, na toleo la pili la mwaka 2004 lina majina zaidi ya 28,000. Ni mengi kwa mmea usiolika! Lakini ajabu yenyewe iko katika namna wanavyoyaandika. Mtu anayetaka kusajili ua halazimiki kuwa daktari wa mimea. Anaweza kuwa mzee mstaafu aliyeotesha mbegu nyuma ya nyumba yake. Anajaza fomu: mama wa mmea ni nani, baba ni nani, nani alipanda, nani aliuchagua, mwaka gani, ua lina rangi gani. Rangi haiandikwi kwa maneno matupu kama nyekundu au ya waridi, kwa sababu nyekundu ya mmoja si nyekundu ya mwingine. Inalinganishwa na kadi za rangi zenye namba. Jina halipaswi kuwa limekwisha kutumika katika jamii hiyo. Lisiwe la Kilatini, sheria iliyoanza mwaka 1959, kwa sababu Kilatini kimeachwa kwa mimea ya porini na wataalamu wake. Lisiwe refu kupita kiasi.

Jambo moja katika utaratibu wao linafaa kusikilizwa vizuri na viongozi wa Ituri. Kusajili jina la ua hakumpi mtu umiliki wa ua. Ni kuandika tu: aina hii ipo, jina lake ni hili, imetoka kwa fulani. Haki ya kumzuia mwenzako asiuze au asizalishe ni kitu kingine kabisa, chenye sheria zake na ada zake, na kimataifa kinasimamiwa na mkataba wa UPOV uliosainiwa Paris mwaka 1961. Kenya iliingia katika mkataba huo mwaka 1999 na Tanzania mwaka 2015. Kongo haimo. Watu wengi, hata wenye elimu, wanachanganya mambo haya mawili, na mkanganyiko huo ndio unaowafanya wazee wakatae kutaja majina ya mbegu zao mbele ya mgeni mwenye kalamu.

Tuje nyumbani. Kongo ina utaratibu wake. Idara ya kitaifa ya mbegu, SENASEM, iliyo chini ya wizara ya kilimo, ndiyo inayotunza katalogi ya aina za mazao zilizokubaliwa. Ili aina iingie humo, inapaswa kuonyesha kwamba ni tofauti na nyingine zinazojulikana, kwamba mimea yake yote inafanana, na kwamba haibadiliki kutoka msimu hadi msimu. Juu ya hayo inajaribiwa mashambani, mahali mbalimbali na kwa misimu kadhaa, ili ijulikane inazaa kiasi gani na inavumilia magonjwa gani. Kazi kubwa ya kuzalisha na kujaribu aina hizo inafanywa na INERA, taasisi ya uchunguzi wa kilimo iliyorithi vituo vya INEAC ya Wabelgiji, ile iliyoanzishwa mwaka 1933 na makao yake yakawa Yangambi.

Huko Yangambi ndiko lilikotoka mojawapo ya majina mazuri zaidi ya mbegu katika nchi hii. Kuna ndizi inayojulikana na wataalamu wa dunia nzima kwa jina Yangambi Km 5. Maana yake ni hiyo hiyo unayoisikia: ilipatikana kilomita ya tano ya Yangambi. Ndizi hiyo inavumilia ugonjwa wa madoa meusi ya majani pamoja na mnyauko, na watafiti wa mabara mengine wameitumia kutafuta ndizi mpya. Hakuna profesa aliyeweka jina lake juu yake. Jina ni alama ya barabarani, na mpaka leo mtu akilisoma akiwa Honduras au Ufilipino, anajua kwamba ndizi hii imetoka Kongo.

Muhogo nao umepata majina yanayosemeka. Katika aina zilizotolewa na INERA kuna Zizila, Butamu, Disanka, Nsansi, Mvuazi na Sawasawa. Hayo ni majina ambayo mama anaweza kuyabeba sokoni. Halafu iko ile ambayo kwenye vitabu inaitwa TME 419. Nani angeikumbuka? Wakulima wa Kongo walilitatua wenyewe: wakaiita Obama, kwa jina la rais wa Marekani, na leo hata maafisa wa kilimo wanasema Obama. Mtu anaweza kucheka, lakini hapo wakulima walifanya kazi ambayo ofisi ilipaswa kuifanya tangu mwanzo. Kila mbegu inayoletwa na namba tupu itapewa jina na watu, ofisi itake isitake. Tatizo ni kwamba kila kijiji kitatoa lake.

Na hapa Irumu tatizo hilo ni kubwa kuliko mahali pengi, kwa sababu ya mpaka. Biashara ya Ituri inavuka Ziwa Albert kila siku kupitia Kasenyi na Tchomia, na mbegu zinavuka pamoja na sabuni na mafuta. Kuna maharagi yenye madini ya chuma kwa wingi ambayo watafiti wanayaita RWR 2245. Uganda iliyasajili mwaka 2016 kwa jina NAROBEAN 1. Maharagi ni yale yale. Uganda pia ina maharagi yaliyotolewa mwaka 1994 kwa jina K132. Watafiti wanayaita CAL 96, na sokoni yanaitwa Nambale. Muhogo unaoitwa NASE 14 upande ule wa ziwa, kwenye karatasi za watafiti ni MM96/4271. Sasa fikiria mkulima aliyekimbilia Uganda, akalima huko miaka mitatu katika kambi ya Kyangwali, akarudi. Anajua mbegu kwa jina la Uganda. Jirani yake aliyebaki Bunia aliipata kwa namba ya shirika. Mwingine ameinunua Komanda ikiwa na jina la mfanyabiashara aliyeileta. Wote watatu wanaweza kuwa na mbegu moja, na kila mmoja anaamini mwenzake ana kitu bora zaidi. Wanabadilishana kwa hasara, au wananunua kwa faranga walichokuwa nacho tayari nyumbani.

Hiyo ni hasara ya pesa. Iko hasara nyingine iliyo mbaya zaidi, nayo ni pale jina moja linapobeba mbegu mbili tofauti.

Muhogo uko wa aina tamu, ambao mtoto anaweza kuuchemsha au kuutafuna, na uko mchungu ambao ni lazima uloweshwe siku kadhaa, ukaushwe, ndipo utwangwe. Uchungu huo ni dalili ya sumu ya sayanidi. Nchi yetu inaujua ugonjwa unaotokana na kula muhogo mchungu usioandaliwa vizuri kwa wiki nyingi, hasa pale ambapo hakuna samaki, nyama wala maharagi ya kusaidia mwili. Ugonjwa huo unaitwa konzo, neno la Wayaka wa Kwango lenye maana ya miguu iliyofungwa, na daktari Trolli aliuandika mwaka 1938. Miguu inapooza ghafla na haiponi. Wanaopatwa zaidi ni watoto na mama walio katika umri wa kuzaa. Msumbiji, katika jimbo la Nampula, watu zaidi ya 1,000 walipatwa mwaka 1981, wakati wa ukame na vita. Tanzania nayo iliuona huko Tarime mwaka 1985.

Tazama hali zinazouleta: njaa, vita, watu kukosa muda wa kulowesha, watu kulima mbegu wasiyoizoea. Hizo ndizo hali za kambi. Familia iliyozoea kuloweka siku tatu au nne kwa sababu nyumbani ilijua huu ni ule mchungu, inapewa miti ya muhogo isiyo na jina, au yenye jina ambalo kwao lilikuwa la muhogo mtamu. Hapa hapatangazwi kwamba konzo imeingia Irumu. Ni kwamba hakuna sababu ya kuikaribisha kwa uzembe wa kutoandika neno moja juu ya fungu la miti. Ni kweli pia kwamba uchungu hautegemei jina peke yake. Muhogo ule ule ukipata ukame unaweza kuongeza sumu. Lakini mkulima anayejua jina anajua pa kuanzia tahadhari.

Wapo watakaouliza kwa nini tusiache kazi hii kwa SENASEM na INERA, ambao ndio wenye mamlaka. Jibu ni kwamba mlango wao haukutengenezwa kwa ajili ya mtu wa Gety. Ni mlango wa watafiti na makampuni ya mbegu. Mkulima hana namna ya kupanda majaribio mahali kadhaa kwa misimu kadhaa, hasa mkulima ambaye shamba lake liko mahali ambapo hawezi hata kwenda kukata kuni. Kituo cha INERA kilicho karibu ni Nioka, huko Mahagi, na barabara ya kwenda huko inapita Djugu. Kila mtu hapa anajua maana yake. Na tena mbegu za zamani mara nyingi hazifaulu mtihani wa kufanana. Maharagi ya mchanganyiko, yale ya rangi tano katika kikapu kimoja, mama anayapanda hivyo makusudi, ili mvua ikizidi, haya yafe na yale yabaki. Mbele ya ofisi huo ni uchafu wa mbegu. Mbele ya mama ndiyo bima yake.

Nchi nyingine zimeanza kutengeneza mlango wa pili. Peru ilifungua daftari la kitaifa la viazi vyake vya asili mwaka 2008. Tanzania ina daraja la mbegu za kuazimiwa ubora, ambapo wakulima wa vijijini wanazalisha na kuuza mbegu karibu na kwao kwa ukaguzi mwepesi kuliko ule wa makampuni. Ingawa huko nako aina yenyewe inapaswa kuwa imekwisha kutambuliwa. Kenya ilielekea upande mwingine: sheria yake ilimtishia mkulima kifungo kwa kuuza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa, mpaka wakulima 15 wakaipeleka mahakamani mwaka 2022, na mwishoni mwa 2025 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu hivyo. Kongo yenyewe ni mwanachama wa mkataba wa kimataifa wa mbegu uliopitishwa Roma mwaka 2001, na kifungu cha 9 cha mkataba huo kinazungumzia haki za wakulima na ulinzi wa maarifa yao. Karatasi ipo. Kinachokosekana Irumu ni kaye na kalamu.

Pendekezo si gumu. Kila usultani uwe na daftari lake la mbegu: Walendu Bindi, Bahema Boga, Banyali Tchabi, Andisoma na nyingine zote. Liandikwe kwa watu walipo leo, yaani hata ndani ya kambi, kwa sababu usultani kwa sasa unaishi nusu yake kambini. Majina yaandikwe kama yanavyotamkwa, kwa Kindruna, Kihema, Kibira, Kinyali, Kilese, kisha kando yake Kiswahili ili wengine waelewe. Nakala moja ikae kwa sultani, nyingine Bunia kwenye ukaguzi wa kilimo wa jimbo, nyingine redioni, kwa sababu nyumba za usultani nazo zimewahi kuchomwa katika vita hivi na nakala moja haitoshi. Agronomu anayepita aongeze namba ya watafiti pale anapoitambua mbegu. Hilo ndilo wapenda maua walilofanya, bila serikali kuwalazimisha.

Kuna pingamizi mbili ambazo hazistahili kupuuzwa.

Ya kwanza inatoka kwa maafisa wa kilimo. Wanasema kuzipa heshima mbegu za zamani na kuzisambaza ni kusambaza magonjwa. Wana haki. Ugonjwa wa mistari ya kahawia, ule unaoozesha muhogo chini ya ardhi wakati majani juu bado yanakudanganya kwamba kila kitu ni kizima, ulithibitishwa Beni mwaka 2012 baada ya kutesa Uganda, na unasafiri ndani ya miti ya kupanda. Mkimbizi anayerudi na fungu la miti kutoka ng'ambo anaweza kuuleta bila kujua. Lakini daftari haligawi miti. Daftari linaandika. Na penye daftari, ni rahisi zaidi kumwambia mkulima: aina hii iliyoandikwa ukurasa wa saba imeonekana na ugonjwa, msiichukue tena kutoka bonde lile. Leo agronomu anasema muhogo wa kienyeji ni mbaya, na mkulima hajui kama anasemwa yeye au jirani.

Pingamizi ya pili inatoka kwa wazee wenyewe, na ni nzito zaidi. Wanasema: tukiandika, watu wa mbali watasoma, watachukua, watatuuzia mbegu zetu. Hofu hiyo haikutoka hewani. Mambo ya namna hiyo yametokea duniani. Ila kimya hakilindi. Mbegu iliyoandikwa hadharani kwamba ilijulikana Irumu kwa jina fulani inampa shida mtu anayekuja baadaye kudai kwamba ameivumbua yeye, kwa sababu haki ya umiliki inadai kitu kipya na tofauti na vinavyojulikana. Mbegu ambayo haijaandikwa popote ni rahisi zaidi kubatizwa upya. Pamoja na hayo, wazee wana haki ya kusema nini kiandikwe na nini kibaki ndani ya ukoo, kwa mfano dawa. Daftari la maharagi na muhogo halihitaji siri za dawa.

Kuna hatari ya tatu ambayo haisemwi mbele ya wageni, lakini kila mtu wa Ituri anaijua. Ni hatari ya kabila. Mbegu nyingi hapa huitwa kwa jina la watu waliozileta: muhogo wa watu wa kule, mtama wa hawa. Wakati wa amani ni utani wa majirani. Katika Irumu ya leo, jina kama hilo likiandikwa kwenye daftari rasmi linaweza kugeuka kuwa madai ya ardhi: kama mbegu ni ya kwetu, basi na kilima ilikoota ni cha kwetu. Watu wamekufa kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Kwa hiyo pale ambapo mbegu ina majina mawili, la kabila na la sifa yake, daftari lianze na lile la sifa. Ikiwa makabila mawili yanaita mbegu moja kwa majina mawili, yote mawili yaandikwe mstari mmoja, bila kuulizana nani alitangulia. Hata hivyo, atakayekaa kuandika atagundua haraka kwamba Mungiti na Muhema wamekuwa wakila maharagi yale yale miaka yote hii na kuyapanda mwezi ule ule. Hilo halitamaliza vita, lakini si jambo baya kulisikia redioni.

Na mbegu mpya? Zipo. Maharagi yanachanganyikana yenyewe mara chache, muhogo unatoa mbegu zake na kuota miche ambayo haifanani na mama yake, na mara nyingi ni mwanamke anayepalilia ndiye anayeuona mche wa namna hiyo, anauacha ukue, anaujaribu jikoni, kisha anawagawia dada zake. Aina nyingi za muhogo tulizo nazo zimepatikana hivyo. Kwa wapenda rododendroni, mtu aliyefanya hivyo angeandikwa: fulani ameichagua, mwaka fulani. Kwetu anaitwa mama fulani aliyetupa miti, na baada ya miaka kumi hata hilo limesahaulika. Daftari liwe na safu ya jina la aliyeichagua, kama anakubali. Hakuna faranga hata moja anayopaswa kulipwa kwa hilo, wala hatakuwa na haki ya kumnyima jirani. Ila watoto wake watasoma jina la mama yao kwenye daftari la usultani, mahali ambapo kwa kawaida wanaandikwa wanaume na mipaka.

Mvua za mwezi wa tatu zinakaribia na mifuko ya mbegu itagawiwa tena. Wakati wa kusubiri madaftari, mashirika yanayogawa yanaweza kufanya jambo moja ambalo halina gharama: juu ya kila mfuko, chini ya namba, yaandike jina ambalo watu wanalitumia, idadi ya miezi mpaka kuvuna, na kwa muhogo, neno mtamu au mchungu. Kwa Kiswahili. Yaandike kwa herufi kubwa, kwa sababu wanaosoma kambini mara nyingi ni watoto wa darasa la tatu wakiwasomea bibi zao. Na mama mwenye punje za kwao alizofunga kwenye kona ya kitenge siku ya kukimbia, azipande hata mstari mmoja kando ya kibanda, na amwambie mtoto huyo aandike jina lake.